Kiingereza cha Kinuni

Kasongo, tarehe 3 Mfunguo Nne, mwaka 1304

Mke mwenzangu amepika wali leo, na wali umeiva vizuri. Naandika kwa hasira.

Daftari hili aliniachia marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa mjini. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi herufi akanipa mimi. Kurasa zake nilikuwa nazitunza kwa ajili ya jambo la maana, na jambo lenyewe limekuja kwa miguu kutoka Ujiji na kisanduku kimoja kichwani. Jina lake Hawa. Mume wangu Abedi alimwoa huko, akamleta, akakaa siku tisa, kisha huyo, akashika njia ya Kabambare na chumvi yake. Ametuacha nyumbani wanawake watatu: mimi Waridi, mke mkubwa, huyo Hawa, na mama yake Abedi, Bi Fatuma, ambaye peke yake anatosha kujaza nyumba nzima.

Hawa husema "tafadhali" hata kwa kuku.

5 Mfunguo Nne

Mvua ya kwanza ya kweli. Tumepanda mpunga bondeni. Matope mpaka magotini.

8 Mfunguo Nne

Leo nimemwandikia Abedi barua. Nimesema: huyu mwanamke hapatani na mama yako, hapatani nami, na tangu aingie nyumba haina amani. Mpe talaka yake aende zake.

Nusu ni kweli. Bi Fatuma kweli hampendi, ila Bi Fatuma hanipendi hata mimi, na nimo humu mwaka wa kumi na moja. Barua nimempa Assumani, mpeleka barua, anayeondoka kesho. Abedi hatulii Kabambare, huzunguka vijiji vya huko akitafuta pembe za ndovu, kwa hiyo Assumani atamsaka mpaka amwone. Na asake. Mimi nimelala usingizi mzuri wa mchana.

11 Mfunguo Nne

Bi Fatuma ana sheria yake: wake wenza watwange pamoja, michi miwili kwenye kinu kimoja. Mmoja anapandisha, mwenzake anashusha. Ukikosa mpigo unamvunja mwenzio vidole, kwa hiyo lazima mpatane mtake msitake. Yeye mwenyewe hukaa barazani na ungo wake akitusikiliza.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza na Hawa. Tumetwanga mpunga wa mwaka jana bila neno, ila midomo yake ilikuwa inacheza. Wani, tuu, thirii, foo. Wani, tuu, thirii, foo.

"Unamroga nani?" nikamwuliza.

"Simrogi mtu, Bi Mkubwa. Nahesabu tu. Ni Kiingereza. Nisipohesabu napoteza mpigo."

Bi Fatuma akapiga kelele kutoka barazani: "Munanongona nini apo? Muchele iko inavunjika!"

12 Mfunguo Nne

Wani, tuu, thirii, foo. Sitaki, na haitoki kichwani.

15 Mfunguo Nne

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Tumekaa chini ya upenu tukichambua maharage, na Hawa amenieleza habari zake, kwa sababu nilimwuliza, na nilimwuliza kwa sababu mvua ilikuwa ndefu.

Alipokuwa mtoto wa kama miaka saba, Waingereza walimtoa mikononi mwa watu waliokuwa wakienda kumuuza. Wakampeleka Unguja, akalelewa na mwalimu mmoja bibi wa Kiingereza pamoja na wasichana wengine wa namna yake. Huko ndiko alikojifunza lugha yao, kushona, na hayo matafadhali. Akaolewa na mpagazi, akafuatana naye bara na msafara, mpagazi akafa kwa ndui pale Ujiji. Basi Abedi akatokea. Kwao hakujui. Anakumbuka mto, na mbwa mwekundu.

Akaingia ndani akatoka na kipande cha mwanzi kilichozibwa nta. Ndani mna karatasi ya Kiingereza inayosema yeye ni mtu huru.

"Huku bara hakuna wa kuisoma ila mimi," akasema. "Na neno langu juu ya nafsi yangu nani atalipokea? Mtu akisema hii ni karatasi ya kufungia tumbaku, nitajibu nini? Nikuombe kitu kimoja, Bi Mkubwa. Wewe unajua kusoma. Jifunze na hii."

Nikamwambia sina nafasi.

16 Mfunguo Nne

Baada ya foo ni faivu.

19 Mfunguo Nne

Nimetoa ubao wa marehemu baba. Hawa anaandika kwa mkaa, mimi nafuata. Waingereza huanza mstari kushoto, mkono wa chooni, na hakuna aliyewakataza. Nilipomwambia hivyo Hawa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ana mwanya.

Yeye alitaka kunifundisha pole pole, neno moja na maana yake. Nikamwambia hapana, huku ndivyo tunavyosoma: kwa sauti, kwa kuyumba, mara mia, mpaka liingie lenyewe. Tumepatana tusome kinuni. "Ai go," mchi wangu unashuka. "Yu go," wake unashuka. "Shi goozi," wote wawili tunavuta pumzi. Mchele wa leo umetoka mweupe kuliko wa jana.

22 Mfunguo Nne

Reni ni mvua. Raisi ni mpunga. Raisi ni mchele vile vile, na wali nao ni raisi. Nikamwuliza, sasa wanajuaje kama wameshapika?

24 Mfunguo Nne

Kiingereza hakina adabu, nami nimekipenda kwa hilo. Mtoto ni "yu", jirani ni "yu", sultani ni "yu", na mama mkwe ni "yu". Bi Fatuma amepita na mtungi, nikamwambia "yu" kwa sauti ndogo. Raha niliyoipata ni kubwa.

29 Mfunguo Nne

Palizi. Mgongo.

2 Mfunguo Tano

Leo nimejua kwamba kwao vitu vyote ni ukoo mmoja. Sisi tuna mti na miti, kitu na vitu, jiwe na mawe, kila jamaa na desturi yake. Wao chungu hukiita poti: moja ni poti. Zikizidi, unazipigia "sss" mwishoni kama mtu anayefukuza kuku, basi umemaliza. "Na ndio waliotengeneza bunduki hawa?" nikauliza. Hawa akasema ndio hao hao, labda nafasi waliyoipata kwenye maneno waliitumia huko.

Tena wanatenga: "hi" mwanamume, "shi" mwanamke. Sisi ukiambiwa "anakuja" hujui kama ujifunike ukaya mpaka aingie.

Ameanza kuniita dada. Sikumkataza.

6 Mfunguo Tano

Kila jina la Kiingereza lina kijakazi anayelitangulia. Kitu usichokijua kinatanguliwa na "a". Kitu ambacho kimeshatajwa, mnakijua nyote wawili, kinatanguliwa na "dha". A wumani ni mwanamke yeyote apitaye njiani. Dha wumani ni yule yule tunayemjua.

Kwenye barua ile niliandika "huyu mwanamke". Wakati ule nilikuwa simjui hata kidogo. Sipendi kuifikiria barua ile.

9 Mfunguo Tano

Ndege wameanza kuunyemelea mpunga, na bado hata haujatoa mbegu. Bi Fatuma amewatukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Lusangi alikotolewa kwa nguvu akiwa mdogo kabla ya kuolewa na baba yake Abedi. Akitukana kwa lugha ile hata mimi huondoka shambani.

17 Mfunguo Tano

Watu wa msafara kutoka Kabambare wamefika. Nilikwenda mbio kuwauliza kama wamemwona Assumani. Wamemwona, anaendelea mbele kumtafuta Abedi. Nikashukuru kwamba hajampata. Kisha nikajishangaa nikiwa nimesimama njiani nashukuru.

28 Mfunguo Tano

Leo nimeisoma karatasi.

Hawa aliiweka juu ya ungo, akakaa mbali makusudi asinisaidie. Nilisoma kuanzia baada ya sala ya adhuhuri, neno moja moja, kidole chini yake. Nilikwama mara nyingi. Lakini neno "frii" nililiona kutoka mbali. Ilipoingia alasiri nikaweza kuisema yote kwa Kiswahili: kwamba mwenye karatasi hii anaitwa Hawa, umri wake kama miaka saba, na kwamba ni mtu huru, hana bwana, na haijuzu kwa mtu yeyote kumshika. Basi. Baba hakutajwa, mama hakutajwa, wala kabila, wala mji.

Nilipoinua macho Hawa alikuwa analia na kucheka pamoja, akanikumbatia, akanizungusha uani mpaka Bi Fatuma akauliza kama tumeota wazimu. Akanilisha ndizi mbivu kwa mkono wake kama bibi harusi. Akasema, "Sasa tuko wawili, dada. Sasa nina shahidi."

Mimi shahidi! Mwanamke wa hapa akiachwa hurudi kwa baba yake, au kaka, au hata shangazi mwenye roho mbaya, lakini pana mlango wa kubisha. Huyu akiachwa atabisha wapi? Mji huu naujua, nimezaliwa humu. Mwanamke asiye na mtu huchukuliwa na mwenye nguvu wa kwanza kumwona, na karatasi yake itawashia moto. Na talaka yake nimeiomba mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, aliouhangaikia baba yangu.

29 Mfunguo Tano

Nimeandika barua ya pili. Nimesema: yote niliyoandika yafute, Hawa akae, nilikuwa na wivu. Neno hilo "wivu" nililiandika mara tatu kwenye ubao kabla ya kulitia kwenye karatasi.

Zuberi, mwenye msafara wa mafuta ya mawese, alikuwa ameshatoka asubuhi kwenda Kabambare. Nikajifunga kaniki nikamfuata na mvua. Nilimkuta kwenye kijito cha pili, mizigo imewekwa chini, watu wake wamejificha chini ya majani ya migomba.

"Bibi, hata miye sijue nitafika lini," akasema. "Muto Luama iko imejaa. Wanasema watu iko wanalala ngambo wiki mbili. Lakini leta."

Amechukua. Nimerudi nimelowa mpaka mifupa. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, lakini mtu hujaribu kwa viganja.

1 Mfunguo Sita

Kichwa kinauma. Baridi.

8 Mfunguo Sita

Nimepona, na naandika haya nikiwa na shuka mdomoni nisicheke kwa sauti.

Homa ilinishika siku tano. Nasikia nilikuwa naweweseka mchana kutwa: wani poti, tuu potis, ai go, yu go, shi goozi. Hawa aliyajua maneno, ila aliogopa kusema asije akaambiwa yeye ndiye aliyenitia kitu kichwani. Bi Fatuma aliyasikia, majirani wakayasikia kutoka ng'ambo ya ua, na mji mzima ukajua kabla ya magharibi: Waridi, binti wa mwalimu, amepandwa na pepo wa Kizungu.

Juzi baada ya alasiri nilizinduka. Homa imekwisha, kichwa chepesi, tumbo tupu. Nikajikuta uani, nimekalishwa kwenye kiti cha kukunja. Kiti chenyewe ni cha jirani yetu Hemedi, alikinunua kwa Mzungu mmoja mpita njia na hakiazimi hata kwa ndugu yake. Nimevishwa shuka nyeupe. Mbele yangu sinia ya mayai ya kuchemsha, maana pepo wa Kizungu hupenda kiti na mayai, kila mtu anajua. Ngoma zinalia. Na Bi Amisa, fundi wa mapepo, ananifukizia ubani puani.

"Weye pepo," akasema, "unatoka wapi? Unataka nini mu mwili ya huyu mwanamuke?"

Nilitaka kusema mimi si pepo, nina njaa. Nikamwona Bi Fatuma amesimama mkono kifuani, uso umekonda kwa hofu, na nyuma yake Hawa. Ndipo nikakumbuka kwamba pepo akitaja haja yake hupewa, na ahadi ya pepo haivunjwi, ukiivunja mgonjwa anakufa. Nikanyoosha mgongo kwenye kiti cha Hemedi.

"Hawa no go!" nikasema kwa sauti nzito. "Hawa sitop hia. Dhisi hausi. Olweiz!"

Ngoma zikanyamaza. Watu wakarudi nyuma.

"Nani anajua luga yake?" Bi Amisa akauliza, na macho yote yakamgeukia Hawa. Wakamsukuma mbele awe mkalimani.

Maskini Hawa. Alikuwa ameelewa kila neno: pepo anaomba Hawa asitolewe nyumbani humu kamwe. Angewezaje kuitafsiri haja ile kwa kinywa chake mwenyewe? Akainamisha kichwa. "Anasema," akasema, "tafadhali, anataka mayai."

Wakanipa yai. Nililila, nilikuwa na njaa kweli. Kisha nikapiga sinia kwa mguu. "No egi! Hawa no go!"

"Anasema mayai yamepikwa vizuri."

"Hawa no go, yu donki!" Hilo la punda tulilisoma wiki ile ya palizi.

"Anashukuru tena," akasema Hawa, na midomo inamtetemeka.

Nikaona mkalimani huyu atanimaliza. Nikafumba macho, nikapiga mguu chini, nikasema kwa Kiswahili kibovu nilichoweza kukitunga: "Hawa hapana toka! Hawa kaa hapa nyumba siku zote! Bibi mzee kula kiapo!"

"Ee!" akapiga kelele Bi Amisa. "Pepo inajua Kiswahili!"

Hemedi, aliyekuwa amesimama karibu kwa ajili ya kiti chake, akajibu: "Na iliishi na wapagazi, itakosa kujua?" Watu wote wakaona ni sawa.

Nilipofumbua macho, Bi Fatuma akaja mbele. Akaniinamia, akanitazama ndani ya macho muda mrefu mpaka nikafumba. Kisha akasema mbele ya majirani wote, "Hawa hatatoka mu nyumba hii, miye niko muzima. Wallahi." Akarudia mara tatu kama Bi Amisa alivyomwongoza.

Nikaanguka kutoka kitini taratibu, upande usio na mayai. Vigelegele vikapigwa. Kuku wawili wamechinjwa, na mchuzi kama ule sijapata kuula katika nyumba hii.

12 Mfunguo Sita, Maulidi

Mji mzima uko nje. Dufu tangu asubuhi. Hawa ameimba na sauti yake imewanyamazisha wengine. Bi Fatuma alimwambia mwanamke aliyekaa kando, "Huyo iko wa kwangu," kisha akaniona nimesikia, akanituma maji.

14 Mfunguo Sita

Hawa ameniuliza leo kinuni: "Dada, kwa nini pepo lako liliomba mimi nisitoke? Nani alisema nitatoka?"

Mficha uchi hazai. Lakini kulisema kwa Kiswahili nilishindwa. Kiswahili changu kina mapambo mengi, ningezunguka mpaka jioni, ningesema "unajua mambo ya nyumba" na "shetani". Kiingereza changu ni kidogo, hakina pa kujificha. Nikaacha mchi nikasema habari ya barua ile, kwa maneno tuliyoyasoma ya mambo yaliyopita: ai roti a leta. Ai sedi, Abedi, sendi Hawa awei. Dhati woz mi.

Alisimama. Pumba zilikuwa zimemganda kwenye nywele.

"Umesema sawasawa," akasema. "Hukukosa hata neno."

Akachukua ungo akaingia ndani.

15 Mfunguo Sita

Hasemi.

16 Mfunguo Sita

Hasemi. Mvua.

17 Mfunguo Sita

Hasemi. Kinuni tumetwanga kimya, na hakukosa mpigo hata mara moja. Vidole vyangu vyote vizima. Ningekuwa mimi, sijui.

18 Mfunguo Sita

Asubuhi nilikuwa nafua mtoni. Hawa akaja akaweka nguo zake kando ya zangu, akafua muda, kisha akasema bila kunitazama: "Tumoro. Hilo hatujalisoma. Maana yake kesho. Jambo la kesho unalitia 'wili' mbele. Sema: ai wili go, yu wili go."

Nikasema. Sauti ilinikatika katikati ya "yu". Akanirushia maji ya sabuni usoni, nikamrushia, tukarudi nyumbani tumelowa kama bata, na Bi Fatuma akataka kumwita tena Bi Amisa.

3 Mfunguo Saba

Habari za njia ya Kabambare: Luama bado imejaa. Watu wamekwama kila upande. Mimi na Hawa tunaombea mto ujae, na mji mzima unaombea upungue.

15 Mfunguo Saba

Mpunga umetoa mashuke. Bonde zima limeinama.

21 Mfunguo Saba

Hawa anasema sasa naota kwa Kiingereza. Nimemwomba asimwambie mtu.

26 Mfunguo Saba

Luama imepungua.

30 Mfunguo Saba

Tumejenga kibanda cha kufukuzia ndege. Tunashinda humo watatu, kamba za makopo mkononi. Hawa huwafukuza ndege kwa Kiingereza na wanaondoka. Bi Fatuma amejaribu, "Go! Go!", na walipoondoka alijigeuza kama hakusema kitu.

9 Mfunguo Nane

Leo tulianza kukata mpunga. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu nilipomwona Assumani anakuja juu ya tuta na fimbo yake, matope ya njia nzima miguuni.

Hakuuliza nani ni nani. Alininyooshea barua mimi kama kawaida, kwa kuwa ndimi msomaji wa nyumba. Nikamwuliza kama Zuberi alifika na barua yangu ya pili. "Zuberi tulipishana naye ku Luama," akasema. "Yeye iko anaenda, miye iko narudi."

Basi ni jibu la ile ya kwanza.

Niliifungua nimewapa mgongo. Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Tisa ilikuwa habari ya chumvi, turubai na pembe moja yenye ufa. Mitatu ilisema kwamba yeye hapendi ugomvi nyumbani mwake, na kama nilivyoomba, Hawa amempa talaka zake tatu.

Namna mbili za kufanya zilinipitia. Ningeweza kuila ile karatasi. Ningeweza kusoma habari ya chumvi peke yake, na nani angejua? Nilisimama pale mpaka jasho likaniingia machoni. Kisha nikageuka nikawasomea yote, kwa sauti, kama baba alivyonifundisha kusoma, na nilipofika penye jina la Hawa sikupunguza sauti. Halafu nikamwambia Bi Fatuma: "Niliomba mimi, mama. Niliandika mimi, mwanzo wa mvua."

"Rudia apo pa talaka," akasema Bi Fatuma.

Nikarudia.

Akachomeka kisu chake kwenye mganda, akajifuta mikono polepole, mmoja kisha wa pili. Nilidhani atanipiga na nilikuwa tayari. Hawa alisimama katikati ya mpunga, mikono imejaa mashuke, hajui ayaweke wapi.

"Mutoto yangu alimuoa," Bi Fatuma akasema, "na mutoto yangu amemuacha. Ni haki yake. Miye sikumuoa. Nitamuacha namna gani?"

"Mama, uliapa kwa sababu ya pepo," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka awe na njia ya kutoka, asije akasema kesho tulimdanganya. "Na lile pepo..."

"Waridi." Akanikata. "Miaka kumi na moja nasikia sauti yako mu nyumba yangu. Unazani siijui? Pepo gani ya Kizungu inaniita bibi muzee?" Akamgeukia Hawa, na ukali wote ukamtoka usoni. "Miye waliniletaka hapa niko kidogo hivi. Hakuna mutu aliapa juu yangu."

Hawa akauliza, kwa sauti iliyokuwa haisikiki vizuri, "Sasa nitaitwa nani hapa?"

Bi Fatuma akamtazama kama ameulizwa swali la kitoto.

"Mutoto yangu. Nani ingine? Shika kisu, ndege wanatumaliza."

Tumekata mpaka alasiri. Kila mara mmoja wetu alianza kucheka bila sababu na wengine wawili wakafuata. Asubuhi nilikwenda shamba na mke mwenza. Nimerudi na wifi.